Kalamu Ndogo ya Wino ya Mfukoni: Faida, Hasara na Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Kalamu ni miongoni mwa bidhaa ambazo mlaji huzinunua bila kuuliza maswali mengi. Peni ya kawaida ikiisha wino hutupwa, na nyingine hununuliwa duka la jirani kwa bei isiyomsumbua mtu. Kalamu ya wino yenye nibu ni jambo jingine. Bei yake yaweza kuwa mara nyingi ya ile ya peni ya kawaida, wino wake hununuliwa kando, huhitaji kuoshwa, na maandishi yake yaweza kudumu miaka mingi au kufutika kwa tone moja la maji, kutegemea wino uliotiwa ndani.

Makala haya yanahusu aina moja tu ya kalamu hizo, nayo ni kalamu fupi iliyoundwa kukaa mfukoni. Wauzaji huisifu kwa udogo wake, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini udogo huo huo ndio chanzo cha karibu kila kasoro yake. Mlaji anayeelewa udogo unampa nini na unamnyima nini atajua kama kalamu hii inafaa kazi yake, na hatalipia sifa asiyoihitaji.

Kalamu hii ni ya namna gani

Kalamu ya wino ni ile yenye nibu, yaani ncha bapa ya chuma iliyopasuliwa katikati, inayopokea wino wa majimaji kutoka ndani ya mwili wa kalamu. Isichanganywe na peni ya kawaida, ambayo ncha yake ni kigololi kinachozunguka katika wino mzito. Hataza aliyoipata Lewis Waterman wa New York mwaka 1884 huhesabiwa miongoni mwa hatua zilizoifanya kalamu ya wino kuwa chombo cha kutegemewa. Peni ya kigololi ilifuata baadaye: László Bíró, raia wa Hungaria, alisajili hataza yake mwaka 1938, na mwaka 1950 kampuni ya Marcel Bich nchini Ufaransa ikaanza kuuza peni ya BIC Cristal, iliyokuwa rahisi kiasi cha kuiondoa kalamu ya wino katika matumizi ya kila siku ya watu wengi.

Kalamu ya wino ya mfukoni ina historia yake ndani ya historia hiyo. Kampuni ya Kaweco, iliyoanzia Heidelberg nchini Ujerumani, imekuwa ikihusishwa na kalamu fupi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na umbo la kalamu yake iitwayo Sport limeigwa na watengenezaji wengi. Nchini Japani, kampuni za Pilot, Sailor na Platinum ziliuza kalamu fupi za namna yao katika miaka ya 1960 na 1970, zenye kifuniko kirefu na mwili mfupi, ili zikae vizuri katika mfuko wa shati.

Wazo la msingi ni moja katika zote. Kalamu ikiwa imefungwa huwa fupi. Wakati wa kuandika, kifuniko huvuliwa na kupachikwa nyuma ya mwili, nayo hurefuka. Kalamu ya Kaweco Sport, kwa mfano, ina takriban sentimita 10.5 ikiwa imefungwa na takriban sentimita 13 kifuniko kikiwa nyuma. Peni ya kawaida ya BIC ikiwa na kifuniko chake ina takriban sentimita 15.

Jinsi wino unavyofika kwenye karatasi

Ili kuelewa faida na hasara za kalamu hii, ni vyema kuelewa kwanza jinsi inavyofanya kazi. Wino haumwagiki kutoka kwenye kalamu kama maji ya bomba. Huvutwa kupitia mifereji myembamba iliyo chini ya nibu, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari, kisha hupita katika ufa wa nibu hadi kwenye karatasi. Hewa nayo huingia ndani kidogo kidogo kuchukua nafasi ya wino uliotoka. Ni kama dumu la maji lililopinduliwa: maji hayatoki vizuri mpaka hewa ipate njia ya kuingia.

Kwa hiyo, ndani ya kila kalamu ya wino inayotumika kuna wino na kuna hewa. Kadiri wino unavyopungua, hewa huongezeka. Hewa hiyo ndiyo chanzo cha uvujaji mwingi, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Wino wenyewe huhifadhiwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni katriji, yaani kichupa cha plastiki kilichojazwa kiwandani, kinachochomekwa na kutupwa kikiisha. Ya pili ni pampu ndogo inayochukua nafasi ya katriji na kuvuta wino kutoka kwenye chupa. Ya tatu ni kujaza wino moja kwa moja ndani ya mwili wa kalamu kwa kitone, iwapo mwili huo hauna tundu wala chuma kinachoweza kushika kutu.

Faida

Faida ya kwanza ni kwamba kalamu hii hubebeka. Hukaa katika mfuko wa shati, wa suruali au katika pochi ndogo bila kutokeza. Muuguzi anayezunguka wodini, bwana shamba anayeandika akiwa amesimama, na karani anayehesabu mizigo bohari wote hufaidika na kalamu isiyowachoma wala kuanguka wanapoinama.

Faida ya pili ni wepesi wa kuandika. Nibu nzuri haihitaji kukandamizwa. Uzito wa mkono pekee hutosha. Mtu ambaye vidole humuuma kwa kubana peni huweza kupata nafuu, ingawa nafuu hiyo hutegemea pia unene wa kalamu na namna anavyoishika.

Faida ya tatu ni ulinzi wa nibu. Kalamu nyingi za mfukoni zina kifuniko kinachofungwa kwa kuzungushwa, ambacho si rahisi kufunguka chenyewe mfukoni kama kile cha kuchomeka tu.

Faida ya nne ni kudumu. Nibu ya chuma iliyotunzwa huandika kwa miaka mingi, na kinachonunuliwa tena ni wino peke yake. Katika baadhi ya kalamu, nibu iliyoharibika huweza kubadilishwa bila kununua kalamu mpya.

Faida ya tano haifahamiki sana. Kwa kuwa katriji yake ni ndogo, kalamu hii hubeba wino mchache na hewa chache kuliko kalamu kubwa. Ikitunzwa ipasavyo, hatari yake ya kuvuja kwa sababu ya joto huwa ndogo. Faida hii hupotea mara mwenye kalamu anapoamua kujaza wino moja kwa moja ndani ya mwili wake.

Hasara

Hasara ya kwanza ni uchache wa wino. Katriji fupi ya kawaida, ambayo ndiyo inayoingia katika kalamu nyingi za mfukoni, hubeba takriban mililita 0.8. Katriji ndefu inayoingia katika kalamu kubwa hubeba karibu mara mbili ya kiasi hicho. Pampu za ukubwa wa kawaida mara nyingi haziingii katika mwili mfupi, na zile ndogo zilizotengenezwa mahsusi hubeba wino mchache hata kuliko katriji. Mwanafunzi anayeandika mtihani wa saa tatu asiitegemee bila kuwa na katriji ya akiba au kalamu nyingine.

Hasara ya pili ni kwamba haitumiki kwa haraka. Kabla ya kuandika saini moja, mtu huzungusha kifuniko, hukivua, hukipachika nyuma, huandika, kisha hurudia yote kinyume. Anayeandika neno moja kila baada ya dakika tano ataona uzito wa jambo hili upesi. Kuacha kalamu wazi si suluhisho, kwa sababu wino hukaukia kwenye nibu.

Hasara ya tatu ni mkono. Bila kifuniko nyuma, kalamu ni fupi mno kwa watu wengi. Kifuniko kikiwa nyuma, urefu hutosha, lakini mwenye kiganja kikubwa huweza kuhisi kwamba kalamu imeelemea nyuma au ni nyembamba mno. Jambo hili halijulikani kwa kutazama picha. Hujulikana kwa kushika na kuandika.

Hasara ya nne ni karatasi. Wino wa majimaji husambaa katika karatasi duni na kutokeza upande wa pili wa ukurasa. Kwenye karatasi inayong'aa hukawia kukauka na hupakazika kwa kiganja. Nibu nyembamba hupunguza tatizo, lakini haiondoi.

Hasara ya tano inawahusu wafanyabiashara. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni huhitaji mkandamizo ili nakala ya chini isomeke. Nibu haikuundwa kukandamizwa. Ikikandamizwa hupanuka, na ikipanuka kupita kiasi hairudi. Anayeandika risiti za nakala mbili au tatu kila siku ahifadhi fedha zake. Peni ya kawaida inamfaa zaidi.

Joto, mwinuko na mtikisiko

Malalamiko makubwa kuhusu kalamu za wino ni madoa: shati limeharibika, mkoba umechafuka. Mlaji huamini ameuziwa kalamu mbovu. Huenda ni kweli, lakini mara nyingine kalamu ni nzima na kilichotokea ni hewa kutanuka.

Hewa ikipashwa joto kutoka nyuzi 25 hadi 35 za selsiasi hutanuka kwa takriban asilimia 3. Katika katriji iliyobakiwa na nusu ya wino, ongezeko hilo ni dogo sana, na mifereji iliyo chini ya nibu huweza kuumeza wino unaosukumwa. Katika kalamu iliyojazwa wino mwilini, yenye nafasi ya mililita 2 za hewa wino ukikaribia kwisha, ongezeko hilo hufikia mililita 0.06 hivi, kiasi kinachozidi tone moja. Tone hilo huangukia kwenye karatasi au kwenye kifuniko. Ndiyo maana kalamu iliyojazwa kwa kitone isiachwe hadi wino ukaribie kwisha, ijazwe mapema.

Mwinuko una nguvu zaidi kuliko joto la mkono. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, hadi Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hufika mahali ambapo mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 18. Hewa iliyofungwa ndani ya kalamu hutafuta nafasi na kuusukuma wino. Ndani ya ndege hali ni ya namna hiyo hiyo, na hutokea kwa dakika chache badala ya saa nyingi. Dawa yake ni rahisi: safiri na kalamu iliyojaa kabisa au iliyo tupu kabisa, na uiweke nibu ikitazama juu. Nibu ikiwa juu, kinachotoka ni hewa. Ikiwa chini, hewa husukuma wino mbele yake.

Mtikisiko nao huchangia. Kalamu iliyo katika mfuko wa suruali juu ya bodaboda, kwenye barabara ya vumbi, hurusha matone ndani ya kifuniko. Mwenye kalamu huyagundua anapoifungua na kukuta vidole vimepakazika. Mfuko wa shati ni bora kuliko wa suruali, na kalamu yenye kibanio ni bora kuliko ile inayolala ovyo. Ulizia kibanio kabla ya kununua, kwa kuwa baadhi ya kalamu za mfukoni huuzwa bila hicho.

Wino na nyaraka muhimu

Sehemu hii isomwe kwa makini hata na mtu asiyekusudia kununua kalamu hii, kwa sababu anaweza kupokea waraka ulioandikwa kwayo.

Wino wa kalamu ya nibu si wa aina moja. Uliozoeleka zaidi ni wino wa rangi iliyoyeyushwa katika maji. Ni salama kwa kalamu na huoshwa kwa urahisi. Na kwa sababu hiyo hiyo, mwingi wake hufutika karatasi inapolowa. Baadhi ya wino wa bluu wa shuleni umetengenezwa makusudi ufutike, ili mwanafunzi arekebishe makosa kwa kalamu maalumu ya kufutia. Aina ya pili ni wino wa chumvi za chuma, ambao hukolea unapokutana na hewa na kushikamana na karatasi. Aina hii imetumika kwa karne nyingi kuandikia nyaraka. Aina ya tatu ni wino wa chembechembe, ambao chembe zake hunasa kwenye nyuzi za karatasi na kuhimili maji, lakini huziba kalamu ukiachwa ukaukie ndani.

Hatari iko wazi. Hati ya mauziano ya kiwanja, mkataba wa pango, wosia, hundi au stakabadhi ya mkopo ikiandikwa kwa wino unaofutika, paa linalovuja usiku mmoja laweza kuondoa jina, kiasi cha fedha au saini. Mtu mwenye nia mbaya naye huweza kubadili tarakimu bila kuacha alama inayoonekana kwa macho. Mwenye waraka hubaki na karatasi yenye muhuri na mistari mitupu, na mzigo wa kuthibitisha haki yake humwangukia yeye.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, usitie saini kwenye waraka wenye thamani kwa wino ambao hujaujaribu. Pili, iwapo mwenzako anatia saini kwa kalamu ya nibu, una haki ya kuuliza ni wino gani, na kumwomba atumie peni nyingine. Si utovu wa adabu. Tatu, fanya jaribio hili nyumbani: andika maneno machache kwenye karatasi ya aina utakayotumia, iache kwa siku nzima, kisha idondoshee maji, subiri dakika chache na uifute kwa kitambaa. Karatasi nyingine yenye maandishi hayo hayo iweke dirishani kwa wiki kadhaa, nusu yake ikiwa imefunikwa, uone jua linafanya nini. Maandishi yaliyofaulu majaribio yote mawili yanafaa kuaminiwa zaidi ya maneno yoyote ya muuzaji.

Onyo moja la ziada: usitie ndani ya kalamu hii wino wa muhuri, wino wa printa wala wino wa kuchorea wenye gundi. Wino hizo zikikauka huziba mifereji, na kalamu huweza kuharibika kabisa.

Gharama halisi

Bei iliyobandikwa kwenye kalamu si gharama ya kuandika. Kabla ya kununua, uliza bei ya katriji na upatikanaji wake katika mji wako. Kalamu ya bei nafuu ambayo katriji zake huagizwa kutoka mbali yaweza kugeuka pambo la mezani.

Njia ya kukadiria ni hii. Tuchukue tarakimu za mfano, ambazo si bei za soko: katriji moja inauzwa shilingi 1,500, na umehesabu kwamba imeandika kurasa 12. Kila ukurasa umegharimu shilingi 125. Sasa tuseme chupa ya wino ya mililita 30 inauzwa shilingi 30,000. Kiasi hicho kinajaza katriji ya mililita 0.8 mara 37, kwa takriban shilingi 800 kila mara, na ukurasa mmoja unashuka hadi shilingi 67 hivi. Anayeandika sana ataona tofauti. Anayeandika saini chache kwa wiki hatamaliza chupa kwa miaka, naye afadhali abaki na katriji.

Baadhi ya watumiaji hujaza upya katriji zilizokwisha kwa kutumia bomba la sindano lenye ncha butu. Jambo hili linawezekana na hupunguza gharama, lakini katriji hulegea mdomo baada ya kujazwa mara nyingi. Bomba liwe jipya, lisiwe lililotumika hospitalini, na lihifadhiwe mbali na watoto.

Kumbuka pia kwamba katriji hazilingani. Kalamu nyingi za Ulaya hutumia katriji fupi ya umbo linalofanana, na mtumiaji huweza kununua ya kampuni nyingine. Kampuni za Pilot, Sailor na Platinum kila moja ina katriji ya umbo lake. Anayenunua kalamu ya Kijapani, hasa ya zamani iliyokwisha kutumika, ahakikishe kwanza kwamba katriji yake bado inapatikana.

Usalama wa watoto

Kifuniko kidogo cha kalamu huweza kumezwa na kuziba njia ya hewa. Kiwango cha kimataifa ISO 11540 kinahusu vifuniko vya kalamu zinazokusudiwa watoto hadi umri wa miaka 14. Miongoni mwa njia zinazotumiwa kupunguza hatari ni kukifanya kifuniko kiwe kikubwa kisichoweza kuvutwa kooni, au kukiachia nafasi ya kupitisha hewa. Kalamu ya wino ya mfukoni, kinyume chake, huhitaji kifuniko kilichoziba ili nibu isikauke, na kalamu nyingi za aina hii zimekusudiwa watu wazima. Usimpe mtoto mdogo aichezee, na kama unamnunulia mwanafunzi, chagua iliyoandikwa wazi kwamba inafaa umri wake.

Dukani: mambo ya kukagua

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji makini hatakataa mnunuzi aichovye nibu kwenye wino na kuandika mistari michache. Unapoishika kalamu, kagua yafuatayo:

1. Pande mbili za nibu ziwe sawa zikitazamwa kutoka mbele. Upande mmoja ukiwa juu ya mwingine, kalamu itakwaruza karatasi.
2. Kifuniko kifungwe bila kulegea, na kipachikwe nyuma bila kuanguka kalamu ikigeuzwa.
3. Mwili usiwe na ufa, hasa mahali pa kuzungushia.
4. Andika ukiwa umepachika kifuniko nyuma, kwa mistari isiyopungua mitano, kwa mwendo wako wa kawaida. Saini moja haitoshi kupima starehe ya mkono.
5. Uliza herufi za upana wa nibu: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya wastani na B pana. Nibu za Kijapani kwa kawaida huandika wembamba kuliko za Ulaya zenye herufi hiyo hiyo. Kwa madaftari ya kawaida, EF au F hufaa zaidi.
6. Soma alama za nibu kwa uangalifu. Nibu ya dhahabu kwa kawaida huwa na alama ya kiwango, kama 585 kwa karati 14 au 750 kwa karati 18. Rangi ya dhahabu peke yake mara nyingi ni chuma kilichopakwa. Maneno "Iridium Point Germany" yakionekana kwenye nibu si uthibitisho kwamba kalamu imetengenezwa Ujerumani.
7. Linganisha jina la kampuni kwenye kalamu, kwenye boksi na kwenye karatasi ya maelezo. Herufi iliyokosewa, au boksi lisiloonyesha mtengenezaji, ni ishara ya bidhaa bandia.

Dai risiti, na uhakikishe inataja aina ya kalamu badala ya neno "vifaa" peke yake. Kama kuna dhamana, iandikwe muda wake na inahusu nini. Uliza hasa kama nibu imo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyeambiwa nibu ni ya dhahabu na kumbe ni chuma, au aliyeuziwa bandia kwa jina la kampuni nyingine, ana msingi wa kulalamika. Lakini lalamiko lisilo na risiti huwa gumu kulifuatilia.

Utunzaji

Kalamu ioshwe kwa maji safi ya kawaida kila unapobadili wino, na ikiwa haitatumika kwa wiki kadhaa, imwagwe wino na kuoshwa kabla ya kuwekwa. Usitumie maji ya moto wala spiriti, maana plastiki huweza kupinda au kupasuka. Kalamu ikikataa kuandika, iloweke sehemu ya nibu katika maji ya kawaida usiku mzima kabla ya kudhani imekufa. Usiipige mezani wala kuikung'uta kwa nguvu. Nibu iliyoanguka na kupinda ipelekwe kwa fundi, au ibadilishwe ikiwezekana.

Nani anunue, nani asinunue

Kalamu ndogo ya wino ya mfukoni inamfaa mtu anayeandika mistari michache mara kwa mara akiwa safarini au kazini, anayethamini mwandiko wake, na aliye tayari kuitunza. Haimfai anayeandika kurasa nyingi kwa mkupuo, anayejaza vitabu vya kaboni, wala anayehitaji kalamu ya kuazimwa na kila mpita njia. Kwa waraka wenye thamani, yeyote awaye, suala la wino hutangulia suala la kalamu.

Kama umesoma hasara zote na bado unaihitaji, inunue kwa utulivu, pamoja na boksi moja la katriji za akiba. Na kama umegundua kwamba peni ya kawaida inakutosha, umeokoa fedha zako, na hilo nalo ni tunda la kuuliza kabla ya kulipa.